Uvimbe chini ya sikio usipasuliwe kama jipu

Katika vijiji vingi vya Kivu na Ituri, mtu akiota uvimbe mbele au chini ya sikio, majirani husema ni matumbwitumbwi, ni jino, au amerogwa. Anachanjwa kwa wembe, anapakwa majani, miaka inapita. Kwa kuwa hauumi, hakuna anayeharakisha kwenda hospitali.

Matumbwitumbwi huja na homa na kuisha ndani ya wiki mbili hivi. Uvimbe uliokaa miezi 6 ni jambo lingine, na mara nyingi ni wa tezi ya mate. Tezi kubwa kuliko zote, parotidi, iko hapo mbele ya sikio. Karibu 8 kati ya 10 ya uvimbe wake si kansa. Chini ya taya, karibu nusu ni kansa. Chini ya ulimi kansa ndiyo nyingi.

Ule unaoonekana zaidi, adenoma pleomofi, hukua polepole na husogea ukiguswa. Ukiachwa miaka mingi unaweza kugeuka kansa. Ukikua ghafla, ukianza kuuma au kushikamana na ngozi, hasa uso ukipooza upande mmoja, mgonjwa asingoje. Mshipa wa fahamu unaoendesha uso unapita katikati ya parotidi.

Ndiyo maana kuupasua kwenye kituo kidogo cha afya, kama jipu, ni kosa kubwa. Gamba lake likipasuka, chembe husambaa na uvimbe hurudi ukiwa vinundu vingi. Mshipa ukikatwa, jicho halifungi tena.

Na hata upasuaji mzuri haujamaliza kazi: mikroskopu ndiyo husema kama ni kansa. Madaktari wa anatomopatolojia ni wachache mno Kongo, tena wako mijini, na mara nyingi familia ndiyo hutafuta namna ya kusafirisha kipande kilichotolewa. Hii si haki. Serikali hailazimiki kujenga maabara kila wilaya. Kipande kikiwa ndani ya formoli huvumilia safari ya siku kadhaa bila barafu. Wakati wa Ebola ya 2018 hadi 2020, sampuli za damu zilisafirishwa Kivu Kaskazini na Ituri hadi maabara bila mgonjwa kulipa. Zoni za afya zinahitaji chupa za formoli, fomu yenye jina la mgonjwa, na nafasi kwenye pikipiki ile ile inayobeba makohozi ya kifua kikuu.