Kiti cha Zitto kilikuwa cha nani?



Kila Wabongo wanapokutana hapa London wakaanza siasa, jina la Zitto Kabwe halikosi, na hapo hapo watu wanagawanyika. Upande huu shujaa, upande ule msaliti. Ugomvi una miaka zaidi ya kumi na sioni dalili ya kwisha. Mie leo sitaki kumtetea wala kumzika. Nataka kuuliza swali ambalo pande zote mbili hazilitaki: kile kiti alichokalia kilikuwa cha nani?

Tukumbushane kidogo. Februari 2007 aliyekuwa Waziri wa Nishati na Madini, Nazir Karamagi, alisaini na Barrick mkataba wa mgodi wa Buzwagi. Hakusaini Kahama wala Dodoma. Alisaini hotelini, hapa hapa London, wakati wananchi wameshaambiwa kwamba mikataba ya madini inapitiwa upya. Sisi tunaoishi mji huu hatukujua lolote. Tulikuja kulisikia kutoka Dodoma, miezi mitano baadaye, kwa mbunge wa Kigoma Kaskazini mwenye miaka 30. Kijana aliomba kitu kidogo tu: iundwe kamati teule ichunguze. Agosti 14, 2007 Bunge likamgeuzia kibao, likasema yeye ndiye amelidanganya, likamsimamisha hadi Januari 2008. Aliyesaini hakuguswa, aliyeuliza akaadhibiwa.

Mnakumbuka kilichofuata. Zitto akapokelewa kama mfalme, Chadema wakazunguka naye nchi nzima, na kabla mwaka haujaisha Rais Kikwete mwenyewe akamweka kwenye kamati ya Jaji Mark Bomani ya kupitia sekta ya madini. Februari 2008 Karamagi akajiuzulu uwaziri, ingawa kilichomng'oa ni Richmond, si Buzwagi.

Sasa angalieni jambo moja ambalo huwa tunalipita. CCM ya 2007, pamoja na wingi wake wote bungeni, iliweza kumnyamazisha Zitto kwa miezi. Kumnyang'anya kiti haikuweza. Watu wa Kigoma walikuwa wamempa, na aliporudi Januari alikikuta. Waliokuja kukichukua ni chama chake mwenyewe.

Novemba 2013 Kamati Kuu ya Chadema ilimvua unaibu katibu mkuu na unaibu kiongozi wa upinzani bungeni, kwa madai ya mipango ya siri ya kumwondoa mwenyekiti. Mwenyewe alisema waraka ule haujui. Mie hapo sina neno. Chama kina haki ya kuchagua nani akiongoze na nani awe mwanachama wake, hata kama kinakosea. Lakini Januari 2014 Zitto alilazimika kukimbilia Mahakama Kuu kupata zuio ili uanachama wake usijadiliwe. Kwa nini? Kwa sababu Ibara ya 71 ya Katiba yetu inasema mbunge akiacha kuwa mwanachama wa chama kilichompeleka bungeni, na ubunge umekwisha.

Fikirieni maana yake. Novemba 2014, aliposimama kama Mwenyekiti wa Kamati ya Hesabu za Serikali kusoma ripoti ya Tegeta Escrow, ile ya mabilioni zaidi ya 300 ambayo matokeo yake Mwanasheria Mkuu Werema alijiuzulu, mtu yule alikuwa bungeni kwa hisani ya zuio la mahakama. Bila lile zuio ripoti ingesomwa na mwingine. Machi 10, 2015 mahakama ilitupa kesi yake, siku hiyo hiyo Chadema wakatangaza si mwanachama wao tena, na Machi 20 akawaaga wabunge wenzake. Wananchi wa Kigoma Kaskazini, waliompigia kura 2005 na tena 2010, hakuna aliyewauliza. Wakabaki bila mbunge mpaka uchaguzi wa Oktoba.

Hapa tulipo mambo ni tofauti. Labour walimfukuza George Galloway Oktoba 2003 kwa maneno yake juu ya vita vya Iraq. Akaendelea kuwa mbunge wa Glasgow Kelvin hadi muda wake ulipoisha, kisha Mei 2005 akaja huku kwetu London Mashariki, akagombea Bethnal Green and Bow kwa tiketi ya Respect, akawashinda Labour. Jeremy Corbyn alitolewa kwenye kundi la wabunge wa Labour Oktoba 2020. Kiti cha Islington North hakikutikisika, na Julai 2024 aligombea bila chama chochote akashinda. Uwapende usiwapende (mie Galloway simpendi hata kidogo), waliowapima ni wapiga kura wao. Kamati Kuu haina funguo za jimbo.

Najua jibu linalokuja: "Mkuu, huko ni kwa wazungu, Bongo wabunge wangenunuliwa kama nyanya." Hivi jamani, hawakununulika? Kuanzia mwishoni mwa 2017 wabunge wa upinzani walihama mmoja baada ya mwingine "kuunga mkono juhudi". Mtulia wa Kinondoni, Mollel wa Siha, Waitara wa Ukonga. Wanajiuzulu leo, kesho wanapitishwa na CCM kugombea jimbo lile lile, nasi tunalipia uchaguzi mdogo. Ibara ya 71 haikumzuia hata mmoja. Na ule wa Kinondoni haukutugharimu fedha tu: Februari 16, 2018, siku moja kabla ya kura, mwanafunzi wa Chuo cha Taifa cha Usafirishaji alikufa kwa risasi akiwa ndani ya daladala, polisi wakitawanya wafuasi wa Chadema. Binti hakuwa hata mwandamanaji.

Na sheria yenyewe haina msimamo. Julai 2017 kundi la Lipumba liliwafukuza wabunge wanane wa Viti Maalum wa CUF, na Spika Ndugai akavitangaza viti vyao wazi ndani ya siku chache. Novemba 2020 Chadema iliwafukuza kina Halima Mdee, wote 19. Hao wakabaki bungeni hadi muhula ukaisha 2025! Katiba ile ile, ibara ile ile. Ikiwaumiza wapinzani inakimbia, ikiwafaa wakubwa inachechemea. Tundu Lissu, aliyekuwa mwanasheria wa Chadema wakati Zitto anafukuzwa, naye alivuliwa ubunge Juni 2019 kwa vifungu vingine vya ibara hiyo hiyo, akiwa Ubelgiji anatibiwa risasi za Dodoma. Panga lile halichagui shingo.

Marehemu Mchungaji Mtikila aliliona hili mapema kuliko wasomi wetu wote. Alishinda Mahakama Kuu 1994 kuhusu mgombea binafsi, serikali ikabadilisha Katiba. Akashinda tena 2006, Mahakama ya Rufani ikamwangusha 2010. Akaenda Mahakama ya Afrika pale Arusha, akashinda Juni 2013. Rasimu ya Jaji Warioba ikamruhusu mgombea huru, kisha mchakato ukafia njiani. Uchaguzi wa 2025 umefanyika bila mgombea hata mmoja asiye na chama. Tulimcheka Mtikila tukamwita mropokaji.

Zitto aliibukia ACT, akashinda Kigoma Mjini 2015 akiwa mbunge pekee wa chama chake, akatangazwa kushindwa 2020 na tena 2025. Mwenye kutaka kumwita msaliti aendelee. Lakini nawauliza makamanda wa Chadema na wazalendo wa ACT mnaonisoma. Kwenye madai yenu ya Katiba mpya tume huru ya uchaguzi inatajwa kila mkutano. Ibara ya 71 je? Na mkiingia Ikulu kesho, mbunge wenu kijana akisimama kuuliza juu ya mkataba ambao waziri wenu ameusaini hotelini London, jioni ile atalala akiwa bado mbunge?