Kompyuta na Daftari la Bohari

Siku hizi hapa Bujumbura kila mwenye kampuni asema ataka kutia kazi zake katika kompyuta: hesabu, bohari, mishahara na ankara za wateja. Jambo lenyewe ni jema, nami silipingi. Lakini yako maneno yasemwayo sana ambayo siyakubali, kwamba kampuni kubwa itaweza kwa kuwa ina fedha, na duka dogo litashindwa kwa kuwa halina. Wasemao hivyo wameutazama mfuko tu, hawakuitazama kazi.

Nenda Buyenzi kwa wauza vipuri vya magari. Mwenye duka aweza kukwambia papo hapo ana mikanda ya feni mingapi na ni nani anayedaiwa. Kumpa mtu huyu programu kubwa ya kampuni ni kumtesa bure. Lakini huyo huyo aliipokea Lumicash bila kupelekwa darasani, maana ilimwondolea taabu aliyoijua, ya kubeba mabunda ya noti na kutafuta chenji. Wenzetu wa Kenya waliyaona hayo M-Pesa ilipoanza mwaka 2007. Mdogo hakatai chombo. Hukataa kazi ya ziada isiyomletea kitu.

Wala sisifu daftari kupita kiasi. Tarehe 27 Januari 2013 soko kuu la mji wetu liliteketea. Aliyekuwa amekopesha watu, na daftari lake la pekee likawa mle kibandani, angedai kwa ushahidi gani?

Sasa kampuni kubwa. Baada ya kutoka shule hii nilikuwa karani katika kampuni moja iliyonunua programu kutoka ng'ambo. Wataalamu walikaa wiki mbili na wakubwa ofisini, kisha wakaenda zao. Bohari hawakuikanyaga. Programu iliambiwa kwamba gunia la mchele ni kilo 50. Siku moja ukaingia mzigo wa magunia 200 ya kilo 25. Karani mwenzangu akaandika magunia 200, kama alivyofundishwa, na kompyuta ikahesabu kilo 10,000 badala ya 5,000. Mchele ulipokwisha, kompyuta ikadai kilo 5,000 zingine. Mtunza bohari, mzee wa makamo aliyetumika pale miaka mingi, akaitwa mwizi mbele ya vijana wake, akapewa barua ya kusimamishwa kazi. Kilichomwokoa ni daftari la shule alimoandika kila mzigo na uzito wake, ingawa alikuwa amekwisha kukatazwa kulitumia!

Mkosaji hapo si kompyuta. Ilihesabu sawasawa yale iliyoambiwa. Lakini katika kampuni kubwa anayeijua kazi na anayeiambia kompyuta ni watu wawili, na pengine hawajapata kusalimiana. Kwa hiyo fedha zote zile hazikununua kitu alichokijua mzee yule. Nadhani wenye bahati ni kampuni za katikati, za watu ishirini au thelathini: hesabu zao zimekwisha kuzidi kichwa cha mtu mmoja, na mkubwa bado aweza kwenda bohari kwa miguu akajionea.

Tena hiari inapungua. Walipao TVA, kodi iliyoanza hapa mwaka 2009, watakiwa na OBR kutoa ankara kwa mtambo uliounganishwa nayo. Basi wengi watanunua kwa haraka, na haraka hiyo ndiyo niiogopayo, maana wengi wenu mnaosoma biashara ndio mtakaokaa mbele ya mitambo hiyo. Mkiitwa kuifunga, ombeni kwanza wiki moja bohari, mbebe magunia ikibidi. Kisha kompyuta na daftari vitumike pamoja walau miezi mitatu, na hesabu zikitofautiana, mzigo upimwe kabla mtu hajaitwa mwizi. Wakubwa watanung'unika kwamba ni kazi mara mbili. Ni kweli, lakini umeme ukikatika watalishukuru daftari hilo hilo.

Mzee yule alirudishwa kazini, ingawa sikusikia kwamba aliombwa radhi. Daftari lake likawekwa mezani kando ya kompyuta, na kila mzigo mpya ulipoingia, karani alishuka kumwuliza uzito wa gunia.