Java yatufunza: Mavuno mengi si mfuko mzito

Kila msimu wa bajeti unapokaribia, wimbo ni ule ule: mkulima apewe mbegu bora, mbolea na maji, naye ataondokana na umaskini. Ni wimbo mzuri, lakini una beti zilizosahauliwa. Anayetaka kuzijua na atazame vijiji vya kisiwa cha Java, nchini Indonesia, ambako vyote vitatu vilifika zamani.

Eneo la Java halifikii kilometa za mraba 135,000, yaani kama sehemu moja kwa saba ya Tanzania. Hata hivyo, sensa ya mwaka 2020 ilihesabu humo watu zaidi ya milioni 151. Udongo wake ni wa majivu ya volkano, wenye rutuba. Mifereji huteremsha maji kutoka milimani, na majaruba ya mpunga hulimwa mara mbili kwa mwaka, penye maji ya kutosha hata mara tatu. Nyuma ya nyumba kuna minazi, migomba na mihogo, na pengine bwawa dogo la samaki. Mpita njia akiona ukijani ule atasema hapa hapana njaa wala shida.

Shida ipo, nayo ni udogo wa shamba. Mwaka 1960 Indonesia ilitunga sheria iliyolenga kila familia ya mkulima iwe na angalau hekta mbili. Lengo hilo halikufikiwa. Mzazi akifariki, jaruba hugawanywa kwa watoto, nao watoto hugawia wa kwao, hadi kinachobaki ni kipande. Mkulima mwenye chini ya nusu hekta huitwa huko “petani gurem”, na gurem ni utitiri wa kuku. Sensa ya kilimo ya mwaka 2013 ilikuta kaya za namna hiyo milioni 14.25 nchini kote, nyingi zikiwa Java. Ile ya mwaka 2023 ilikuta milioni 16.89.

Tufanye hesabu, maana mali bila daftari hupotea bila habari. Tuchukue familia yenye hekta 0.3, kama robo tatu ya ekari. Ikivuna kwa kiwango cha tani tano kwa hekta, ambacho si kibaya hata kidogo, itapata tani moja na nusu. Januari 2025 serikali iliweka bei ya kununulia mpunga kuwa rupia 6,500 kwa kilo. Hizo ni rupia 9,750,000 kwa msimu, na 19,500,000 kwa misimu miwili, kabla ya kutoa gharama za mbolea, kulimia na vibarua. Mwaka huo huo kima cha chini cha mshahara katika jimbo la Java ya Kati kilikuwa rupia 2,169,349 kwa mwezi, yaani zaidi ya 26,000,000 kwa mwaka. Na ikiwa jaruba si lake, bali analima kwa mtindo wa “maro”, wa kugawana nusu kwa nusu na mwenye shamba, msomaji amalizie hesabu mwenyewe.

Ndiyo maana vijana hawakai. Wanakwenda viwandani Jakarta na Surabaya. Wasichana wengi wamekwenda kufanya kazi za ndani Malaysia, Hong Kong na Taiwan, na kwa miaka mingi Saudi Arabia, hadi Indonesia ilipopiga marufuku mwaka 2015 kupeleka watumishi wa ndani katika nchi za Mashariki ya Kati. Nyumba nyingi nzuri za matofali vijijini zimejengwa kwa fedha za ughaibuni, si kwa mpunga.

Wapo watakaosema wakulima hao hawajui kilimo cha kisasa. Si kweli. Indonesia ilijitosheleza kwa mchele mwaka 1984, na mwaka uliofuata Rais Soeharto akapewa heshima mbele ya mkutano wa FAO mjini Rome. Dawa za wadudu zilipoua buibui waliokuwa wakimla mdudu anayefyonza mpunga, aitwaye wereng, na mdudu huyo akazidi, serikali ilipiga marufuku aina 57 za dawa kwa zao la mpunga mwaka 1986. Mwaka 1989 wakulima wa Java wakaanza kukutana shambani kila wiki, kuhesabu wadudu na kuamua wenyewe kama kuna haja ya kupulizia. Hilo ndilo chimbuko la shamba darasa, ambalo kuanzia mwaka 1999 mradi wa FAO na IFAD ulilieneza Kenya, Tanzania na Uganda. Kwa kilimo, basi, Wajava ni walimu wetu.

Walichokosa ni sauti katika soko. Zamani wanawake wa kijiji walivuna kwa kisu kidogo cha mkononi, “ani-ani”, na kila mmoja aliondoka na fungu lake la mpunga. Miaka ya 1970 mbegu za muda mfupi zilipoenea, mundu ulichukua nafasi ya kisu, na mfanyabiashara akaanza kununua mpunga ukiwa bado umesimama jarubani, kisha kuleta kikosi chake cha wavunaji. Mkulima hupata fedha haraka na kuepuka usumbufu wa kuanika. Lakini pumba, chenga, mchele na faida ya kukoboa vyote huondoka na lori.

Kwa maoni yangu, hapo ndipo kijiji kinapopona au kinapokufa. Tangu mwaka 2015 serikali ya Indonesia hupeleka fedha moja kwa moja vijijini, chini ya sheria ya vijiji ya mwaka 2014. Kijiji cha Ponggok, wilayani Klaten, kilikuwa kimeanza hata kabla. Mwaka 2009 kiliunda kampuni yake, kikageuza chemchemi yake kuwa kivutio cha kuogelea, na mapato yakafikia mabilioni ya rupia kwa mwaka. Si kila kijiji kina chemchemi, na kampuni nyingi za vijiji zimeishia kwenye karatasi kwa kukosa usimamizi. Lakini kila kijiji cha mpunga kinaweza kuwa na sakafu ya kuanikia, ghala na mashine ya kukoboa, na daftari linalosomwa mbele ya wanachama.

Wapangaji wetu wa sera walichukua shamba darasa kutoka Java. Wachukue na somo la pili. Mfuko wa mbolea ya ruzuku hauongezi ukubwa wa robo tatu ya ekari. Mwenye kipande kidogo ataishi kwa kilimo ikiwa tu atauza mchele badala ya mpunga, tena akiwa pamoja na wenzake. Asipowezeshwa hivyo, mwanawe atapanda basi la kwenda mjini, na hakuna hotuba itakayomrudisha.