Gogo libingirishwe, lisibebwe

Ndugu mwandishi, umeeleza vizuri shoka na kabari za kupasulia kuni, lakini umeruka kazi inayoumiza mgongo zaidi: kuinua gogo. Huku Njombe tunapasua mikaratusi na miwati, na gogo bichi la mkaratusi ni zito mno. Egemeza miti miwili imara kwenye kigogo cha kupasulia, kisha bingirisha gogo juu ya miti hiyo ukilisukuma kwa mtaimbo. Mtaimbo ukiwa mrefu, nguvu unayotumia hupungua. Kigogo kifike usawa wa magoti. Pigilia juu yake tairi kuukuu la gari, usimamishe gogo ndani. Vipande havitatawanyika, wala hutainama kuviokota kila pigo. Tafadhali, waonyeshe na wapishi wa shule zetu, maana wapo wanaopasua kuni kila siku.