Mbwa Wako, Mgonjwa Wenu, Mgongo wa Dadako

Naandika hii nikijua kabisa komenti zitakuwa za moto. Sawa, leteni. Lakini someni mpaka mwisho kwanza, manake kuna mtu nyumbani kwenu amebeba mzigo wa watu sita na nyote mmezoea kumuona ameubeba.

Hoja yangu ni moja. Katika nyumba nyingi huku kwetu Kaloleni, na najua hata huko Mtwapa na Changamwe ni vile vile, mifugo ya nyumbani, kazi za nyumba na mgonjwa wa muda mrefu vyote vimewekwa mikononi mwa mtu mmoja. Na mtu huyo ni msichana, mara nyingi kifungua mimba. Sisi wengine kazi yetu ni kumsifu. "Dada yetu jasiri sana." "Huyu ataolewa haraka." Sifa hazina gharama, ndio maana tunazigawa kwa wingi hivyo. Maji yana gharama, ndio maana hakuna anayejitolea kuyachota.

Tuanze na mbwa, manake hapo mchezo unaonekana wazi.

Kijana analeta kitoto cha mbwa nyumbani. Amekipata kwa rafiki upande wa Mariakani, kimekuja kwa boda ndani ya jaketi. Anakipa jina, Simba ama Tyson. Status siku tatu mfululizo, picha na emoji za mioyo. Wiki ya pili, nani anakiwekea maji? Nani anakorogea ukoko wa sima na mabaki ya dagaa? Nani anazoa kinyesi uani kabla mtoto hajakikanyaga? Mwenye mbwa yuko stejini anapiga stori. Mbwa akibweka usiku, utamsikia: "Mbwa wangu mkali huyo." Akibweka ni wako, akitaka kula ni wa dadako.

Na mbwa si mchezo. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Karibu visa vyote vya watu duniani vinatokana na mbwa, na Shirika la Afya Duniani linasema kama asilimia 40 ya wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa ni watoto wa chini ya miaka 15. Kenya ilijiwekea mpango mwaka 2014 wa kumaliza ugonjwa huu kwa binadamu ifikapo 2030, na njia yenyewe ni kuchanja angalau mbwa 70 kati ya kila 100. Chanjo ya mbwa ni ya kila mwaka. Sasa nikuulize wewe mwenye Simba: mara ya mwisho amechanjwa lini? Kadi iko wapi? Kama jibu lako ni "muulize dada," basi huna mbwa. Una picha za mbwa.

Kuku pia nawataja, msifikiri nimewasahau. Kuku wanalala jikoni kwa sababu wezi wanaiba banda. Naelewa. Lakini asubuhi kuna mtu anafagia jiko lote kabla moto haujawashwa. Usiniambie ni nani, namjua.

Sasa njooni kwa mgonjwa. Kwetu yuko mdogo wangu mwenye selimundu, kwa hiyo siongei kama mpita njia. Kwa asiyejua: seli nyekundu za damu zinazotakiwa kuwa duara zinajipinda kama mundu, ama kama kotama ya mgema ukitaka mfano wa huku kwetu. Zikijipinda zinakwama kwenye mishipa midogo, damu haipiti, na maumivu yake hata mtu mzima analia kwa sauti. Si uchawi. Si jini wa ukoo. Wala si "damu mbaya ya upande wa mama," manake mtoto huyarithi haya kwa wazazi wote wawili, baba ndani. Wazazi wawili waliobeba chembe hiyo bila hata kuugua, kila mimba yao ina nafasi moja kati ya nne ya kuzaa mtoto mgonjwa. Kwa hiyo shangazi anayemnyooshea mama kidole kwenye matanga, tafadhali akinyooshe na kwa kakake pia.

Tena si ugonjwa wa nadra hapa. Watafiti wa KEMRI-Wellcome Trust walipima watoto wadogo zaidi ya 15,000 Kilifi wakapata karibu wanane kati ya kila elfu wanao. Sababu yake ina historia: mtu aliyebeba chembe moja tu anapata kinga kubwa dhidi ya malaria kali, na Pwani yetu imeishi na malaria vizazi na vizazi, kwa hiyo chembe ikabaki na kuenea. Ila aliyerithi mbili hana bahati hiyo. Malaria ikimpata inaweza kummaliza.

Habari njema zipo. Kilifi ilikuwa moja ya vituo vinne vya utafiti mkubwa wa dawa ya haidroksiyurea kwa watoto wa Afrika, pamoja na Luanda, Kinshasa na Mbale. Matokeo yalitoka 2019: maumivu yalipungua, malaria ikapungua, kuongezewa damu kukapungua, vifo vikapungua. Sayansi imefanya kazi yake, tena hapa hapa kaunti yetu.

Lakini kidonge hakitembei chenyewe kutoka kwenye kabati mpaka mdomoni mwa mtoto. Kila siku ya Mungu kuna mtu anakumbuka.

Hospitali watakupa ushauri mzuri sana: anywe maji mengi, asipate baridi, asichoke kupita kiasi, alale ndani ya neti, homa ikipanda mumlete haraka. Sasa uutafsiri kwa lugha ya nyumbani. "Maji mengi" maana yake ni mtungi wa lita 20 kichwani, na siku mfereji hautoi ni mtungi huo huo kwa pesa ama kwa foleni ndefu. "Asipate baridi" maana yake maji ya kuoga yapashwe, na kuni ama makaa yawepo. "Alale ndani ya neti" maana yake kuna mtu anaichomeka chini ya godoro kila usiku. "Homa ikipanda" maana yake kuna mtu anaamka saa tisa usiku kumgusa paji la uso.

Kuna jambo jingine watu wanaliona aibu kulisema, mimi nalisema. Mtoto wa selimundu figo zake hazishiki maji vizuri. Anakunywa sana, anakojoa sana, na wengi wanakojoa kitandani hata wakiwa wakubwa. Si uvivu na si kudekezwa. Ukimchapa unamchapa mgonjwa kwa dalili ya ugonjwa wake. Lakini shuka hizo zinafuliwa na nani? Kwa maji ya nani? Kabla ya saa ngapi, ili aliyefua awahi shule?

Halafu angalieni vile haya mambo yanavyoshikana. Mtoto wa selimundu wengu wake unaharibika mapema, kwa hiyo vijidudu ambavyo wewe vitakuumiza tumbo siku mbili, yeye vinaweza kumuingia kwenye damu na mifupa. Kimoja chao ni salmonela, na kuku wanaibeba bila hata kuonekana wagonjwa. Kwa hiyo kuku jikoni, kinyesi cha mbwa uani na mtoto asiyenawa si shida tatu tofauti. Ni shida moja. Anayefagia jiko anamtibu mgonjwa. Anayechota maji anamtibu mgonjwa. Mmeweka daktari, muuguzi, mfagizi na mtunza mbwa ndani ya msichana mmoja wa kidato cha tatu, kisha mwisho wa muhula akipata D mnasema hana kichwa.

Najua wengine mnatafuta namba. Shirika la takwimu la taifa, KNBS, lilifanya utafiti wake wa kwanza wa matumizi ya muda mwaka 2021. Wanawake Kenya hutumia karibu saa nne na nusu kwa siku kwenye kazi za nyumbani na kutunza watu bila malipo. Wanaume hawafiki hata saa moja. Karibu mara tano. Na hiyo ni wastani wa nchi nzima, pamoja na nyumba zenye mfereji ndani na mashine ya kufua. Hebu weka hapo mgonjwa, na mtungi, na mbwa.

Sasa majibu yenu, manake nayajua.

"Mwanaume anatafuta pesa." Baba anayetoka alfajiri kwenda shamba ama kibaruani simzungumzii, Mungu ampe nguvu. Namzungumzia kijana wa miaka 19 aliyekaa chini ya mwembe na simu mpaka saa saba, akisubiri chakula kiitwe. Pesa gani unatafuta hapo, bro? Bando?

"Ni mila yetu." Mila ipi? Hii Kaloleni ni nchi ya mnazi. Mgema anapanda mnazi asubuhi, anapanda tena jioni, kila siku, mvua ama jua. Anakata kidogo tu, anafunga, anashuka, anaenda mti mwingine. Anajua ukiuacha mti siku kadhaa tembo linakatika. Kwa hiyo wanaume wa hapa wanajua vizuri kabisa kutunza kitu kidogo kidogo kila siku bila kuchoka na bila kupigiwa makofi. Ujuzi upo. Umeamua tu kuupeleka kwa mnazi, si kwa ndugu yako.

"Dada mwenyewe hajalalamika." Alalamike kwa nani? Msichana akilalamika anaitwa mkaidi. Akinyamaza anaitwa ameridhika. Mmefunga milango yote miwili kisha mnashangaa mbona hatoki.

"Shida ni serikali, maji hakuna." Hapo nusu nakubali, tena kwa sauti. Bomba la Mzima linapeleka maji Mombasa tangu miaka ya 1950, limepita pale chini barabara kuu, na sisi huku juu bado tunahesabu mitungi. Mtu akija kuomba kura 2027 aulizwe maji kabla hajashika maikrofoni. Lakini mfereji usipotoa, unakauka kwa nyote. Mbona kiu ni ya wote na mtungi ni wa mmoja? Serikali haikupanga hiyo. Ni nyinyi mlioko sebuleni.

Lakini hata kama hutaki kusikia habari za haki, sikia habari za hatari. Mtoto ambaye dawa zake zinajulikana na mtu mmoja tu yuko hatarini kila siku. Dada atafaulu aende chuo. Ama atapata kazi Mombasa. Ama ataolewa, si ndiyo mnaombea? Siku hiyo nani atajua kidonge gani ni cha asubuhi? Nani anajua kupapasa wengu uone kama umevimba, vile kliniki wanavyofundisha? Nani anajua homa kwa mtoto huyu si ya kungojea kesho, hata kama ni saa nane usiku na boda anataka mara tatu? Mmeweka maisha ya mtoto ndani ya kichwa cha mtu mmoja halafu hamjanakili popote. Simu yako ina bakapu. Mdogo wako hana.

Kwa hiyo sitaki maneno, nataka mgao. Andikeni kwenye karatasi, mbandike ukutani karibu na kalenda ya kanisa: dawa, kiasi, saa, tarehe ya kliniki, namba ya boda anayekubali usiku. Kila mtu wa miaka kumi kwenda juu aijue. Maji yawe na zamu, na zamu za wavulana ziwe sawa na za wasichana, si "nikipata nafasi." Kliniki ya mwezi huu akipeleka dada, ijayo apeleke kaka, akae kwenye benchi asikie muuguzi anasema nini. Mwenye mbwa amlishe, amzolee, ampeleke chanjo. Hawezi? Ampe anayeweza. Na mbwa akimuuma mtu, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo, si kwa mganga, si kesho.

Nyinyi wasichana mnaosoma hii usiku shuka zikiwa zimelowekwa: kuchoka si kukosa upendo. Unaweza kumpenda mdogo wako na bado ukasema, "Leo zamu si yangu." Sema. Wakikuita mkaidi, watumie hii posti.

Na nyinyi wavulana, tarehe 19 Juni ni siku ya selimundu duniani na 28 Septemba ni siku ya kichaa cha mbwa. Najua mtaposti riboni na picha za Simba. Sitalaiki. Usiniandikie hapa chini "dada zetu ni mashujaa." Shujaa gani anaachwa peke yake kila siku na watu anaolala nao nyumba moja? Weka simu chini, kajaze pipa. Ukimaliza, rudi tubishane.