Eti yamepita

Kila uchaguzi ukikaribia Kenya, utasikia watu wakisema ghasia za 2007 na 2008 zimepita, waliofurushwa walipewa chao, basi wasonge mbele. Tume ya Jaji Waki, iliyochunguza ghasia hizo, ilihesabu vifo 1,133. Walionusurika wana familia, na humo ndimo madai yafuatayo hustawi.

"Mtoto alikuwa mdogo, hakumbuki." Kusimulia hawezi, kweli. Lakini mtoto wa miaka minne aliyekuwa ameacha kukojoa kitandani akaanza tena, anayeng'ang'ania leso ya mama hadi mlango wa choo, na ambaye mchezo wake ni mmoja tu, nyumba inayoungua, huyo anakumbuka. Kumchapa kwa kulowesha godoro ni kumwongezea hofu ileile inayomfanya alilowanishe.

"Baba ni mkali tu, ndiyo hulka yake." Muulizeni mkewe ukali huo ulianza lini. Aliyeponea shambulio aweza kukesha, akashtuka mlango ukibamizwa, akamfokea mtoto kwa sufuria iliyoanguka. Taratibu nyumba nzima ikajifunza kunyata. Hata hivyo, jeraha la moyo linaeleza ukali, halihalalishi kipigo. Anayepigwa apige 1195, simu ya bure, kabla hajahubiriwa uvumilivu. Anayetaka kuripoti mtoto anayeteswa apige 116.

"Ushauri nasaha ni mambo ya wazungu." Harare, tangu 2006, daktari wa akili Dixon Chibanda amewafunza akina nyanya kuketi na wagonjwa kwenye benchi nje ya zahanati, wakichambua matatizo yao moja baada ya jingine. Utafiti uliochapishwa 2016 ulionyesha kuwa baada ya miezi sita waliopitia benchi hilo walikuwa na dalili chache kuliko waliopata huduma ya kawaida. Mpango huo umefika hadi Zanzibar. Uzungu uko wapi hapo?

Wapo pia wanaopita kiasi upande wa pili: "Mkalishe, mlazimishe aseme yote, atapona." Shirika la Afya Duniani linapinga kumsimulisha mtu kwa lazima punde baada ya tukio. Kwanza usalama, chakula na jamaa zake. Maneno yatakuja akitaka mwenyewe.

Afya ni jukumu la kaunti. Wawakilishi wa wadi, mkiketi kupitisha bajeti, tengeni fungu la wanasihi wa zahanati, na mlitenge kabla ya kampeni kuanza.