Mwaka 1780 usikutoe pesa
Ukiletewa riale ya Maria Theresa pale Kibuli, chini ya kilima cha msikiti, muuzaji atagonga ukucha kwenye 1780 na kuapa kwamba ina zaidi ya miaka mia mbili. Huo ni mwaka aliofariki malkia. Vienna, na baadaye London na Bombay, waliendelea kuipiga kwa tarehe ileile. Ipeleke kwenye mizani ya sonara: gramu 28 hivi, asilimia 83 fedha. Lipia madini na kidogo juu. Inayoniudhi zaidi ni shilingi ya simba ya 1924: fedha yake robo tu, zilitolewa kwa mamilioni, lakini inanadiwa kama hirizi. Na iliyosuguliwa hadi ikang'aa? Hiyo ombea punguzo, kwani imeshaharibiwa.